Waya tatu kwenye kiwiko cha mtoto: kwa nini zimeachwa nje, na zitatoka lini

SWALI: Mwanangu ana miaka 6. Jumapili alasiri aliteleza kwenye mparachichi hapa kwetu Kibosho, akaangukia mkono wa kushoto. Kituo cha karibu walimfunga gango wakatupa rufaa kwenda Moshi mjini, na usiku huohuo akaingizwa chumba cha upasuaji. Sasa ana waya tatu zilizochomwa upande wa nje wa kiwiko, ncha zimechomoza juu ya ngozi, na kwa nyuma kuna hogo (plasta ngumu) la nusu. Sioni alama ya kisu. Kidole chake cha shahada hakikunji ncha. Bibi yake anasema angekandwa tu na kufungwa, na kwamba vyuma vitaufanya mkono usikue. Kwa nini hawakumfunga hogo yakaisha? Waya zitatoka lini? Mkono utanyooka kama zamani?

JIBU: Pole sana, mama, kwa kuuguza. Kwa unavyoeleza, mwanao alivunjika mfupa wa mkono wa juu pale unapoishia, juu kidogo ya kiwiko, na vipande vikaachana. Huu ndio mvunjiko wa kiwiko unaoonekana zaidi kwa watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7, na kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro na Meru chanzo chake mara nyingi ni mti wa matunda. Maswali yako yote nitayajibu. Ila naanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu katika siku hizi za mwanzo lina uzito kuliko waya zenyewe, nalo ni kiganja chake.

Vitazame vidole vyake sasa, kabla hujaendelea kusoma. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute mabadiliko ya rangi mgongoni mwa mkono. Tazama kiganja kwa ndani na chini ya kucha. Bonyeza kucha ya kidole cha kati mpaka ififie, kisha achia: rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Gusa vidole vyote, ulinganishe joto lake na la mkono mzima. Halafu mnyooshe kidole kimoja kimoja, polepole, kwa mkono wako. Mtoto aliyevunjika kiwiko atalalamika, hiyo ni kawaida. Lakini mtoto anayelia kwa nguvu ukimnyoosha kidole ambacho hakikuvunjika, anayezidi kuomba dawa ya maumivu wakati alitakiwa aanze kupata nafuu, asiyetulia hata akibebwa, au ambaye vidole vyake vimekuwa vya baridi na kufa ganzi, huyo ni wa kurudishwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usisubiri siku ya kliniki.

Sababu ni hii. Mshipa mkubwa wa damu unaolisha kiganja unapita mbele ya kiwiko, na neva kubwa (mshipa wa fahamu) iko pembeni yake. Mtoto akianguka kwa kutanguliza kiganja, kiwiko kinalazimishwa kupinda kwenda nyuma kupita kiasi, ncha ya mfupa wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja) inasukuma, na mfupa wa juu unakatika mahali ulipo mwembamba. Kipande cha chini kinakimbilia nyuma. Cha juu, chenye ncha kali, kinachoma misuli ya mbele kuelekea kwenye mshipa na neva. Damu inamwagika ndani, uvimbe unapanda, na misuli ya kigasha imefungiwa ndani ya utando usiotanuka. Mbano ukizidi, damu haipiti, na misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza ulemavu unaofuata: vidole vinajikunja, kigasha kinasinyaa, na mkono unabaki hivyo maisha yote. Yeye alihusisha tatizo hilo na bandeji zilizokazwa mno. Hadi leo ulemavu huo unaitwa kwa jina lake, na hadi leo bandeji iliyokazwa juu ya kiwiko kinachovimba inausababisha.

Ukifika hospitali na dalili hizo, kitu cha kwanza ni kukata bandeji yote hadi ngozi ionekane, pamoja na pamba ya ndani, maana pamba iliyolowa damu ikikauka hubana. Kiwiko kinanyooshwa kidogo. Hali isipotulia upesi, daktari anapasua ngozi na utando wa misuli ya kigasha ili mbano uachie. Linaonekana jambo la kutisha, lakini ndilo linalookoa mkono.

Sasa hogo. Tangu mwaka 1959 madaktari wa mifupa wanaupanga mvunjiko huu kwa ngazi tatu za Gartland, daktari wa Marekani. Ngazi ya kwanza mfupa umepata ufa tu, haujahama. Hapo hogo la kupita juu ya kiwiko linatosha, wiki 3 hivi, na wala hahitaji chumba cha upasuaji. Ngazi ya pili mfupa umepinda kwenda nyuma, lakini ganda lake la nyuma bado limeshikana. Baadhi ya hawa hufungwa hogo baada ya kurudishwa, na wengi huwekewa waya. Ngazi ya tatu vipande vimeachana kabisa. Hapa hogo peke yake linashindwa, na ni vizuri ujue linashindwa vipi, ili ukiulizwa nyumbani uweze kueleza.

Mfupa ulioachana hivyo ukishapangwa, kitu pekee kinachoweza kuushika bila waya ni kukikunja kiwiko sana, kupita nyuzi 90, mpaka utando wa nyuma ukazike na kukibana kipande mahali pake. Lakini kiwiko kilichovimba ukikikunja kiasi hicho, mshipa wa mbele unabanwa na kiganja kinakosa damu. Ukikilegeza ili damu ipite, mfupa unatoka tena. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakichagua kati ya mfupa kunyooka na kiganja kuwa hai. Waya ndiyo iliyoondoa uchaguzi huo: mfupa unashikwa kwa chuma, na kiwiko kinaachwa kimekunjwa kidogo tu, nyuzi 60 au 70 hivi, damu ikipita bila shida. Ndiyo maana hogo lake ni la nyuma tu. Kazi yake ni kuutuliza mkono na kuzilinda waya. Mfupa umeshikwa na waya.

Kuna sababu ya pili, ya umbo la mfupa wenyewe. Juu ni wa duara, lakini ukikaribia kiwiko unabanwa ukawa bapa na mpana kama mwiko, na katikati yake kuna shimo mbele na shimo nyuma, kiasi kwamba kati ya mashimo hayo mawili mfupa ni mwembamba mno. Mvunjiko unapita hapohapo. Vipande viwili bapa na vyembamba haviwezi kukaa kimoja juu ya kingine bila kuzunguka, na vikizunguka kidogo tu, kipande cha chini kinalalia ndani na mkono unapona umepinda.

Usiku ule ndani ya chumba cha upasuaji kazi ilikwenda takriban hivi. Mtoto analazwa kwa nusu kaputi (ndiyo maana mliambiwa asile: saa 6 tangu chakula, saa 2 tangu maji matupu) na anapewa dozi ya antibayotiki. Anasogezwa ukingoni mwa kitanda, mkono unawekwa juu ya mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, inayotoa picha papo hapo. Msaidizi anashika mkono wa juu karibu na kwapa. Daktari anavuta kigasha, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu, nyuzi 20 au 30, na anavuta kwa utulivu kwa dakika nzima au zaidi. Uvutaji huu hauharakishwi. Hapa ndipo urefu wa mkono unaporudi, na ncha ya mfupa inatoka kwenye msuli uliouchoma. Ikiwa ngozi ya mbele imejikunja na kuvutwa ndani, ni ishara kwamba ncha imenasa msulini. Daktari anaukamua msuli kwa vidole, kutoka juu kushuka chini, mpaka ncha inachomoka, na mara nyingi husikika ikitoka.

Baada ya hapo anarekebisha kuhama kwa pembeni, kisha kuzunguka, na mwisho tu ndipo anakikunja kiwiko huku dole gumba lake likisukuma ncha ya nyuma ya kiwiko kwenda mbele. Mpangilio huo una sababu. Ukikunja kabla ya kurekebisha pembeni, unakifunga kipande mahali pabaya. Vidole vya mtoto vikiweza kugusa bega lake, mfupa wa nyuma umerudi. Kisha picha. Kwa picha ya ubavuni, mstari unaoshuka mbele ya mfupa wa juu unatakiwa ukate kituo cha mfupa cha duara kilicho upande wa nje wa kiwiko. Ukipita mbele yake, kipande bado kiko nyuma. Kwa picha ya mbele wanapima pembe inayoitwa ya Baumann, na inalinganishwa na ya mkono mzima, kwa sababu watoto hawalingani.

Waya zenyewe ni laini, hazina nyuzi za skrubu, na kwa mtoto wa umri wa mwanao kawaida huwa na unene wa milimita 1.6. Zinachomwa kupitia ngozi kwa mashine ndogo ya kutoboa, kutoka upande wa nje wa kiwiko, zikivuka mvunjiko hadi kutoboa ganda la mfupa la upande wa pili. Asipohisi ganda hilo la pili, waya haijashika. Zinatanuliwa ili zinapopita kwenye mvunjiko ziwe zimeachana kwa nafasi nzuri. Waya zinazokutana palepale kwenye mvunjiko zinaruhusu kipande kuzunguka, na hilo ndilo kosa linalofanya mifupa iliyopangwa vizuri ihame tena baada ya siku chache. Ngazi ya pili mara nyingi hupewa mbili, ya tatu hupewa tatu. Kwa hiyo tatu alizonazo mwanao si nyingi.

Kwa nini zote za upande wa nje? Kwa upande wa ndani, nyuma kabisa ya kifundo cha kiwiko, inapita neva ya kidole kidogo, ile inayokupiga shoti ukijigonga. Kwa baadhi ya watoto kiwiko kikikunjwa neva hiyo huteleza kuja mbele, na waya ya upande wa ndani inaweza kuichoma au kuibana. Pale mfupa usiposhikika kwa waya za nje, daktari huongeza moja ya ndani, lakini hukinyoosha kiwiko kwanza na hupasua kidogo aione neva ilipo.

Hukuona alama ya kisu kwa sababu mfupa ulirudi bila kufunguliwa. Hufunguliwa pale unapokataa kurudi, pale mfupa ulipotoboa ngozi, au pale kiganja kinapobaki cheupe na baridi hata baada ya kuupanga. Hapo wanapasua kwa mbele, kwenye mkunjo wa kiwiko, kuutafuta mshipa, maana huenda umebanwa kati ya vipande. Palipo na chumba cha upasuaji lakini hakuna mashine ya picha, daktari anaweza kuufungua mfupa auone kwa macho ndipo achome waya, au kumweka mtoto kitandani wiki 2 hadi 3 mkono ukivutwa kwa uzito. Njia zote mbili zinaponya, ila zinataka uangalizi mkubwa zaidi na siku nyingi zaidi za kulazwa. Ndiyo maana rufaa za aina hii huteremshwa Moshi mjini, na kwa walio upande wa Meru huenda Arusha.

Waya zimeachwa nje kusudi. Ncha zinakunjwa, zinakatwa zikibaki sentimita 1 au 2 juu ya ngozi, na shashi inawekwa chini ya mkunjo ili zisizame. Zikifichwa ndani ya ngozi mtoto atahitaji nusu kaputi ya pili na kisu cha kuzitafuta. Zikiwa nje zinavutwa kliniki kwa koleo, kila moja kwa sekunde chache.

Kuhusu ukuaji, bibi amegusa jambo la kweli ila hitimisho ndilo linalokosea. Karibu na kiwiko lipo tabaka la ukuaji, na waya zinaweza kulivuka. Lakini waya laini na nyembamba, ikikaa wiki 3 au 4, haiusimamishi ukuaji. Isitoshe, sehemu kubwa ya urefu wa mfupa huu, kama asilimia 80, inakulia begani. Kiwiko kinachangia asilimia 20 tu. Hapohapo ndipo lilipo jibu kwa wanaosema "muache, mtoto atajinyoosha akikua". Mfupa uliovunjika karibu na bega hujirekebisha sana kwa sababu unakua sana. Wa kiwiko unakua kidogo, na mpindo wa kwenda ndani hauondoki kwa kukua. Atakavyopona ndivyo atakavyobaki.

Na kukandwa. Wazee wanaotibu mifupa wana watu wengi waliowaponya, na sina sababu ya kuwadharau. Mfupa wa mtoto usiohama huunga kwa namna yoyote ya kutulizwa, na huo ndio wengi wanaopona kwao. Ila kwa kiwiko kilichoachana, kukanda kunaongeza damu na uvimbe, vipande vinazidi kuchoma, na vijiti vinavyofungwa juu yake kwa kukazwa ndiyo hiyo njia ya Volkmann. Mtoto akiletwa baada ya wiki 2 au 3 mfupa umeshaanza kuunga vibaya, na kwa wakati huo kuuvunja na kuupanga upya kunaleta kukakamaa. Mara nyingi daktari anaacha uunge, aje kuukata na kuunyoosha baadaye. Ulipompeleka usiku uleule ulimwondolea hayo yote, mama. Bibi mweleze kwa heshima. Mwoneshe picha ya eksirei ya kabla na ya baada, inaeleweka hata na asiyesoma.

Watoto wengine wanaoanguka vilevile hupata mvunjiko unaoonekana mdogo na hudanganya zaidi: kipande cha upande wa nje tu wa kiwiko. Kwenye eksirei huonekana kiganda chembamba, kwa sababu sehemu kubwa ya kipande chenyewe bado ni gegedu (mfupa laini usiokomaa), nayo haitoi picha. Uvimbe uko nje tu, mtoto anakunja kidogo, watu wanasema ameteguka. Kikihama zaidi ya milimita 2 kwa kawaida kinahitaji kushikwa kwa waya au skrubu, kwani kinaoshwa na maji ya kiungo na kuvutwa na misuli, hakiungi. Akiachwa, mkono unapinda kwenda nje mwaka hadi mwaka, na akiwa mtu mzima neva ya kidole kidogo inaanza kudhoofika. Mzazi akiambiwa "ameteguka kiwiko" kwa mtoto wa umri huu aombe eksirei, na ikiwezekana irudiwe baada ya wiki moja.

Narudi kwa mwanao. Dawa ya maumivu: paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Akiwa na kilo 20 ni miligramu 300, yaani mililita 12.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Mpime kwanza, usikadirie kwa macho. Kama alishaandikiwa dawa nyingine yenye paracetamol ndani, hesabu zote pamoja. Mkono ukae juu ya mto, kiganja kikiwa juu kidogo kuliko moyo, kwa siku 2 au 3, ambazo ndizo za uvimbe mkubwa. Akitembea, ukae kwenye kanga iliyofungwa shingoni, kiganja kisining'inie. Avichezeshe vidole kila mara, bila kuambiwa apumzike.

Penye waya pasiguswe. Si samli, si mshubiri, si majivu, si spiriti. Hogo lisilowe: wakati wa kuoga lifunikwe kwa mfuko wa plastiki na mkono ubaki nje ya maji. Asichomeke kalamu wala kijiti ndani kujikuna. Damu kidogo iliyokauka kwenye bandeji, au majimaji ya njano mepesi, yasikushtue. Usaha, harufu, wekundu unaosambaa, homa, au maumivu yanayoanza upya baada ya siku kadhaa za utulivu ni maambukizi. Mengi yanatulia kwa antibayotiki ya kumeza na kuziondoa waya, lakini yakiachwa yanaingia kwenye kiungo, na kiungo kikiingia usaha ni dharura nyingine kabisa.

Kliniki ya kwanza, kati ya siku ya 5 na ya 10, usiikose hata kama mtoto anacheza vizuri. Ni ya eksirei ya kuangalia kama mfupa umekaa pale ulipoachwa. Ukihama wiki ya kwanza bado unarekebishika; ukigundulika wiki ya 3 umeshaunga. Njoo na picha za mwanzo. Watu wengi wanaziacha nyumbani, na daktari anakosa cha kulinganisha.

Waya hutoka kati ya wiki ya 3 na ya 4, eksirei ikionesha mfupa mpya umeanza kujengeka. Mpe paracetamol nusu saa kabla. Hogo linaondolewa, waya zinavutwa, vijitundu vinafunikwa kwa shashi kavu na kuziba ndani ya siku chache. Zikikaa zaidi ya hapo hazina faida, na hatari ya usaha inaongezeka, kwa hiyo nauli ya siku hiyo itengwe mapema.

Siku hiyo kiwiko kitakuwa kimekakamaa na utaogopa. Ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Wanamkanda kwa mafuta ya moto, wanamvuta, wanambebesha ndoo ya maji ili mkono unyooke. Kila uvutaji wa nguvu unachana nyama zinazopona, unamwaga damu mpya, na ndani ya damu hiyo kunaweza kuota mfupa usiotakiwa ambao utakifunga kiungo moja kwa moja. Kiwiko cha mtoto hurudi kwa kutumiwa na mwenyewe. Ale kwa mkono huo, avae shati, arushe mpira mwepesi, achezee maji kwenye beseni. Sehemu kubwa ya mkunjo na mnyoosho hurudi ndani ya wiki 6 hadi 12, na nyuzi chache za mwisho zinaweza kuchukua mwaka. Watoto wengi hawahitaji hata mazoezi ya viungo ya hospitali. Shule anaweza kurudi mapema, akiwa na hogo lake, mwalimu akijulishwa. Kupanda miti, mpira wa kugombania na baiskeli vingoje mpaka miezi 2 au zaidi ipite na daktari aridhike. (Mtu mzima aliyevunjika ncha ya kiwiko kwa bodaboda asijipimie kwa maelezo haya. Kiwiko chake hukakamaa upesi sana, na ndiyo sababu hushikwa kwa waya mbili na waya wa kuzungushia umbo la nane, au kwa bamba la chuma, ili aanze kukikunja ndani ya siku chache.)

Umbo utaliona vizuri kiwiko kikishaweza kunyooka. Msimamishe mbele yako, mikono yote imeshuka, viganja vikitazama mbele, ulinganishe. Mkono wa kawaida wa mtoto hutoka nje kidogo kuanzia kiwikoni. Wa kushoto ukiwa unaelekea ndani ya mwili, mfupa uliunga umepinda. Mkono huo hukunja na kunyooka na haumzuii kazi, lakini haunyooki kwa kungoja. Hurekebishwa kwa kukata kabari ya mfupa upande wa nje na kuushika upya, kwa kawaida baada ya mwaka hivi kupita, kiungo kikiwa kimelegea na mfupa umetulia. Kwa waya tatu zilizowekwa usiku uleule, nafasi ya kulikwepa hilo ni kubwa.

Linabaki swali la kidole cha shahada. Mwambie aunganishe ncha ya kidole hicho na ncha ya dole gumba afanye duara. Asipoweza, akawa anabana kwa nyama za vidole vilivyonyooka, ni tawi la neva ya mbele ya kiwiko limevutwa na mfupa siku ya kuanguka. Tawi hilo halibebi hisia za ngozi, kwa hiyo kidole hakifi ganzi, na mara nyingi hakuna anayeligundua mpaka mama aone. Mpime na mengine kwa mchezo: anyooshe dole gumba juu, kisha apanue vidole vyote na kuvirudisha pamoja. Hayo mawili yakifanyika, neva nyingine mbili ni nzima. Muulize daktari kama faili linaonesha kidole kilikuwa hivyo kabla ya upasuaji. Kama ndiyo, neva imevutwa, haijakatwa, kwa walio wengi, na kidole huanza kujikunja chenyewe ndani ya wiki 6 hadi miezi 3 au 4. Kwa muda huo kinyooshe na kukikunja wewe mara chache kwa siku, bila nguvu, kisikakamae. Kama kilikuwa kizima na kikalegea baada ya waya, liseme hilo kliniki ya kwanza. Na kama mwezi wa 4 utaisha bila hata mtikisiko, uombe apimwe neva kwa kipimo cha umeme, ili uamuzi wa kuifungua na kuitazama ufanyike misuli ikiwa bado na uhai wa kuipokea.